Amrish Puri alikua wapi mpaka akafika miaka 40? Mlokulia picha za Kihindi njooni hapa

Karani_Makadara:
Salaam aleikum wanajamvi. Jana stima zimerudi saa nne usiku, nikashika simu nikakutana na kipande cha ile picha Mr. India, yule adui Mogambo alochezwa na Amrish Puri yuko kwenye kiti chake yuwacheza na vidole, wallahi mwili ulinisisimka vile vile kama nlipokua na miaka minane nimekaa chini mbele ya deki ya jirani. Nikaanza kusoma habari zake na hapo ndipo nikakosa usingizi. Amezaliwa 22 Juni 1932 kule Punjab. Picha yake ya kwanza ya kuhesabika, Reshma Aur Shera, ni ya 1971. Piga hesabu, miaka 39. Mogambo ni 1987, ana miaka 54. Sasa kabla ya hapo alikua wapi? Alikua karani! Shirika la bima ya wafanyikazi la serikali, Employees' State Insurance Corporation, Bombay, miaka 20 na kitu yuwapiga mihuri makaratasini. Naulizia kwa uzito, sio gumzo tu. Sauti ile na macho yale alizaliwa nayo, iweje miaka yote hio hakuna alomuona? Ama kilichomfanya Amrish Puri kilikuja baadaye? Mimi mwenyewe mwaka wa kumi na saba huu niko ofisini, na nina daftari zangu za mashairi kabatini, kwa hivyo jibu nalitaka kwa dhati.

Regal_Balkoni:
Waaleikum salaam. Mbona jibu liko wazi ndugu yangu, sura. Alikwenda kujaribiwa mbele ya kamera miaka ya 50 wakamkataa. Angalia mastelingi wa wakati huo ni kina nani, Dilip Kumar, Dev Anand, Raj Kapoor, vijana wenye sura za kuimbia wasichana bustanini. Sasa umlete yule na taya lile na macho yametoka akaimbe bustanini, msichana si atakimbia.

DekiMbovu:
Regal_Balkoni umeniua na hio bustani 😂 lakini kweli, siwezi kumpiga picha yuwazunguka mti.

Nahodha_Mstaafu:
Vijana mwasema sura mwasahau nyumbani kwao. Huyu hakuja Bombay kama mtu asojulikana, kaka zake wawili walimtangulia kwenye sinema, Chaman Puri na Madan Puri. Madan Puri sisi tulomuona kwenye sinema za Regal na Majestic miaka ya 60 na 70 twamjua vizuri, adui wa kutajika, ukimuona tu kwenye picha wajua kuna mtu atasalitiwa kabla ya intavalo. Na mwimbaji K. L. Saigal ni binamu yao. Kwa hivyo mlango alikua nao. Rai yangu mimi ni kwamba kaka ndiye alokua kizuizi bila kukusudia, manake nafasi ya adui mwenye jina la Puri ilikua ishajazwa. Angalia tarehe, Madan alifariki 1985, na mdogo wake ndio kwanza yuwapanda kileleni.

DekiMbovu:
Na Om Puri ndiye kitinda mimba wao?

Nahodha_Mstaafu:
La hasha. Om Puri hana udugu nao wa damu, ni jina tu, kama vile hapa kina Salim walivyo wengi. Om alizaliwa 1950 Ambala, amefariki Januari 2017. Watu huwachanganya kwa sababu wote wawili walitokea kwenye picha zile nzito za waongozaji kina Shyam Benegal.

Kilindini_Line:
Om Puri si ndiye aloigiza ile ya simba wa Tsavo? The Ghost and the Darkness, 1996. Babu yangu alikua fundi wa reli hadithi ya wale simba tumelishwa na uji. Nliipenda ile picha lakini nyika nikaiona si ya kwetu.

Nahodha_Mstaafu:
Umeona sawa, walipigia Afrika Kusini. Na wale simba wenyewe wa 1898 wamekaushwa wako makumbusho ya Chicago mpaka leo, hata ngozi zao hazikubaki nyumbani.

Kilindini_Line:
Hilo huniuma kila nikipita pale daraja la Tsavo kwa gari moshi. Wangeturudishia.

Karani_Makadara:
Jamani simba tutawafungulia uzi wao. Mzee Nahodha shukrani, hio ya kaka sikua nimeifikiria. Lakini kama kaka alikua adui mkubwa si angemshika mkono?

Regal_Balkoni:
Kumshika mkono kwa wapi, kamera haina jamaa. Mimi nabaki na sura.

MwalimuWaDrama:
Hodi humu. Mimi hufundisha watoto michezo ya kuigiza shuleni, mwaka wa kumi na mbili sasa, na hapo mote mumepita pembeni. Hebu someni alichokua akifanya akitoka ofisini. Alikua jukwaani. Kuanzia miaka ya 60 yuko na Satyadev Dubey, muongozaji wa michezo ya jukwaani, na mikononi mwa Ebrahim Alkazi, muongozaji mwengine, pia alipita. Dubey alikua mdogo kwake kwa miaka minne na bado alikaa chini yake kama mwanafunzi. Mchana karani, usiku mfalme, na kesho asubuhi karani tena. 1979 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, ambayo kule India ndio heshima kubwa ya watu wa jukwaa, na wakati huo kwenye picha za kawaida hakuna alomjua! Sasa mwasema sauti alizaliwa nayo. Hapana. Sauti ile imefanyiwa kazi. Mtoto nikimpata ana sauti nzuri ya kuzaliwa humuweka mwisho wa ukumbi nikakaa mbele, bila maikrofoni, na siku ya kwanza huwa ni kelele tu, simsikii neno. Yamchukua miezi kujua pumzi yatoka tumboni wala si kooni, na kwamba ukitaka mtu wa mwisho akuogope usipige ukelele, shusha sauti, simama, usitikise kichwa. Muangalieni Mogambo tena. Hatembei sana. Hapigi mtu ovyo. Yuwakaa tu wengine ndio watetemeka. Yule ni mtu wa jukwaa, na jukwaa halimpi mtu vile kwa mwaka mmoja.

BintiTudor:
Mwalimu nimesoma mara mbili. Kweli hapigi mtu ovyo!

DekiMbovu:
Kwa hivyo miaka 20 ilikua ni shule.

MwalimuWaDrama:
Ndivyo nionavyo mimi. Hakuchelewa, alikua akipikwa.

Mkulima_Mtwapa:
Mwalimu nakubaliana nusu. Wako wangapi walopikwa jukwaani wakafa hawajulikani? Kulihitajika mtu wa kumpakua. Huyo ni Shyam Benegal. Miaka ya 70 ndio zimekuja picha zisizotaka sura za bustani, zilikua zataka wakubwa wa vijiji, madalali, wanyonyaji, watu wa kweli. Nishant 1975, Manthan 1976, Bhumika 1977, zote yumo. Na Manthan niwape kisa chake kwa sababu mimi nina ng'ombe wanne na nimekua kwenye ushirika wa maziwa. Ile picha ni ya wafugaji wa Gujarat walivyoanzisha ushirika, na pesa za kuitengeneza walitoa wafugaji wenyewe, watu 500,000 kila mmoja rupia 2. Wakaja na malori kuitizama picha yao! Na Amrish Puri ndani yake ndiye mwenye kiwanda alokua akiwanunulia maziwa kwa bei ya kutupa. Nlipoiona nilimjua mara moja, mimi nimeuziana na mtu wa sampuli ile. Huyu wa kwangu alikua akitabasamu hivyo hivyo, aniita ndugu, na mizani yake ilikua mbovu miaka mitatu. Kwa hivyo kama wakati haujabadilika, kama hakuna anayetaka kusimulia habari za maziwa, karani angestaafu karani.

Regal_Balkoni:
Mkulima hapo umenitikisa kidogo. Lakini ona bado ni sura, ni kwamba tu sura imepata soko.

Mkulima_Mtwapa:
Haya bwana sura 😄

Mwana_wa_Kuze:
Nimechelewa uzi lakini nna jambo kubwa zaidi. Mwajua MOGAMBO ni Kiswahili? Niliambiwa maana yake ni mapenzi makali.

Nahodha_Mstaafu:
Umeambiwa na nani mwanangu? Nina miaka 71, Kiswahili nimezaliwa nacho Mji wa Kale, neno hilo sijalisikia kwa marehemu bibi yangu wala kwenye utenzi wowote. Hio habari yatokana na picha ya Marekani ya 1953, Mogambo, ya John Ford, ya Clark Gable na Ava Gardner na Grace Kelly, walokuja kuipigia huku kwetu Afrika Mashariki. Walipotangaza wakasema ni neno la Kiswahili. Inasemekana walilitoa kwenye jina la klabu moja ya starehe ya Hollywood iloitwa Mocambo wakabadilisha herufi moja.

Mwana_wa_Kuze:
Duh. Na mimi nimewaambia watu wengi.

MamaKachri:
Lakini mgambo si tunalo? Likilia la mgambo lina jambo. Na yule akisema tu "Mogambo khush hua" mjue lina jambo kweli! Mimi tangu utotoni nlidhani ni mgambo, nikaona jina limemkaa sawasawa, manake akifurahi yeye kuna mtu analia.

Mwana_wa_Kuze:
MamaKachri umeniokoa, basi kwangu mimi ni mgambo.

Nahodha_Mstaafu:
Mithali hio imekaa vizuri, sikatai. Ila mgambo wetu ni baragumu ya kuita watu, jina la yule limeandikwa na waandishi wa picha Salim-Javed kule Bombay.

DekiMbovu:
Na mwajua nafasi ile haikua yake? Muigizaji Anupam Kher amesema mwenyewe mara nyingi kwamba yeye ndiye alochaguliwa mwanzo kua Mogambo, kisha wakabadilisha.

MwalimuWaDrama:
Kweli. Na Anupam Kher ni fundi mkubwa, lakini nafikiria angelisema hilo neno vipi nashindwa.

Karani_Makadara:
Hili la Anupam laniongezea utata. Basi ni bahati? Miaka 20 ofisini, miaka mingapi jukwaani, halafu nafasi ilokufanya dunia ikujue ilikua ya mwengine?

MamaKachri:
Ni rizki. Rizki ya mtu hailiwi na mwengine.

Mkulima_Mtwapa:
Rizki naam, lakini alikua ashakua jina kabla ya Mogambo. Hum Paanch ya 1980 ndio ilomtambulisha kama adui kwenye picha za watu wote, na alotoa pesa ya ile ni Boney Kapoor, ndiye huyo huyo wa Mr. India. Kwa hivyo walikua wajuana.

MamaKachri:
Hayo ya 1980 siyajui, mimi mwambieni Nagina. Ya 1986, ya Sridevi, yule nyoka mwenye umbo la mwanamke, na Amrish Puri ndiye mganga Bhairo Nath aja na zumari lake na macho mekundu amtaka jiwe la nyoka. Tulikua twaishi Bondeni, nyumba moja familia tatu, deki imekodishwa kwa usiku mmoja, kanda tatu, kina mama mbele na sisi watoto nyuma na mihogo na achari. Alipoanza kupiga lile zumari bibi yangu, Mola amrehemu, akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti. Si mchezo, alisoma kikweli na mkono wake umenishika mimi shingoni. Kwetu sisi hata kupiga mluzi usiku ni mwiko, waita nyoka, sasa huyu yuko ndani ya nyumba yupiga zumari la nyoka saa tano ya usiku! Ilipofika ule wimbo Sridevi achezea mbele yake bibi akaamrisha izimwe. Ikazimwa. Mwisho wake niliuona mimi nimeshaolewa.

BintiTudor:
Mashaallah bibi alikua na imani. Kwetu ni mamangu, yeye alikua akimlaani kwa kituo, "Mwana hizaya wewe, utaipata." Kisha mwisho wa picha apumua kama mtu alotua mzigo.

Nahodha_Mstaafu:
Na wengine tuliyaona hayo sinema yenyewe. Siku za picha mpya ya Kihindi Naaz foleni yakunja kona, kina mama na mabuibui na vijaluba vya tambuu, wauza njugu na kashata. Akitokea adui ukumbi wote wamsuta. Leo vijana muwe na Nyali Cinemax na viti vya kulala, lakini watu wamenyamaza mule kama wako hospitali.

Regal_Balkoni:
Mzee hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Nikikumbuka balkoni yangu.

Kilindini_Line:
Turudi kidogo. Kuna jambo lanikera. Ile Indiana Jones ya 1984, Temple of Doom, yeye ndiye Mola Ram amtoa mtu moyo kwa mkono. Mimi sikufurahi. Wahindi wameonyeshwa kama washenzi, wala ubongo wa nyani na nyoka hai mezani, na mtu wa heshima kama yeye akakubali. Na waliipigia India kwao!

DekiMbovu:
Hawakupigia India. Serikali ya India ilisoma hadithi ikakataa kutoa ruhusa, wakaenda Sri Lanka, na za ndani wakapigia Uingereza. Kwa hivyo malalamiko yako hata wenyewe walikua nayo.

Kilindini_Line:
Basi zaidi. Serikali yenu imekataa wewe waenda?

MwalimuWaDrama:
Nakuelewa na lile jambo la meza laniudhi mimi pia. Lakini muigizaji haandiki meza. Na miaka miwili kabla, 1982, yumo kwenye Gandhi ya Attenborough, Khan, mfanyibiashara Muislamu wa Afrika Kusini, mtu mzima wa busara. Mimi sioni kama mtu alouza watu wake. Na kwa ile ya Indiana Jones alinyoa kichwa, watengenezaji wa Bombay walipomuona na upara wakaanza kumpa sura za ajabu ajabu, na yeye akaendelea kunyoa. Kichwa kile twakijua sote kimetoka huko.

Kilindini_Line:
Kichwa nakubali. Meza siikubali.

BintiTudor:
Mimi nashangaa mpaka hapa hakuna alotaja Baldev Singh! Mwamjua kama adui tu? 1995 mwaka mmoja, Januari yuko Karan Arjun ni Thakur Durjan Singh aua ndugu wawili mpaka wazaliwe upya kuja kumlipiza, Oktoba yuko Dilwale Dulhania Le Jayenge ni baba. Baba mwenye duka London, alisha njiwa pale Trafalgar Square na roho yake iko Punjab. Mimi nliiona na babangu. Babangu ni mtu wa maneno machache, alikua na duka Mwembe Tayari na kwao hasa ni Siyu, amekaa Mombasa miaka 40 na kila jioni yuwasema atarudi. Na wakati ule kulikua na posa yangu aloikataa, na nyumba nzima wajua nalia usiku. Ikafika ile ya mwisho, treni yaondoka, Simran ashikwa mkono na babake, na yule mzee auangalia uso wa mwanawe. Halafu amuachilia. "Ja Simran." Nliogopa kugeuka kumtizama babangu. Nikamsikia tu amejikohoza, akainuka akaenda kutawadha na ilikua bado nusu saa kwa Isha.
Posa sikuipata, tusidanganyane, mambo hayakua ya sinema. Lakini tangu siku ile alikua akiniuliza mimi kwanza. Na mimi siwezi kuamini kwamba mtu mwengine angecheza baba yule, kwa sababu ni lazima kwanza uwe umemuogopa miaka kumi ndio kuachilia kule kuwe na uzito.

MamaKachri:
Binti umenitoa machozi na kachri zangu ziko jikoni zaungua.

Regal_Balkoni:
Haya BintiTudor, hapo si sura. Hapo nimeshindwa. Sura ni ile ile ya Mogambo na haitishi.

Mkulima_Mtwapa:
Ndio maana tuzo zake tatu za Filmfare, za muigizaji msaidizi, ni Meri Jung, Ghatak na Virasat. Ghatak na Virasat ni baba. Mzee wa watu mwenye utu. Watu wakalia.

DekiMbovu:
Picha 400 na zaidi. Mtu aloanza na miaka 39 na amefariki 72! Nlisoma ni 2004.

Mkulima_Mtwapa:
12 Januari 2005, Mumbai.

Karani_Makadara:
Nimewasoma wote, sijatoka hapa tangu Adhuhuri. Sura, kaka, jukwaa, wakati, rizki. Niongeze langu, kwa sababu mimi ni karani na mwalidharau lile dawati. Kule ofisini ndiko alikokutana na mkewe, Urmila, wakaoana 1957, wakapata watoto wawili. Mtu mwenye nyumba na watoto haachi mshahara kwa sababu alikataliwa na kamera akaenda kujaribu tena na tena. Abaki. Na miaka yote ile anahudumia watu walokuja na karatasi zao za ugonjwa na ajali za kiwandani, mbele yake mtu mnyonge na nyuma yake mkubwa wa ofisi. Mimi nina mkubwa wa ofisi, simtaji, ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja na nikimuona mlangoni tumbo lajikunja. Avua miwani, aiweka mezani polepole, asubiri. Jana nlipoona Mogambo ndiye nlomuona. Kwa hivyo Mwalimu, huenda kusimama tuli hakujifunza jukwaani peke yake.

MwalimuWaDrama:
Karani... hio siwezi kuipinga. Jukwaa lampa mtu namna, lakini wa kumuiga lazima uwe umemuona mahali.

Nahodha_Mstaafu:
Mimi bado niko na kaka. Madan alimtangulia na akamuonyesha adui huwa vipi, hilo ofisi haikumpa.

Regal_Balkoni:
Mzee na kaka yake kama mimi na sura yangu 😄

MamaKachri:
Karani na hayo mashairi ya kabatini?

Karani_Makadara:
Yapo. Mengine yana miaka kumi na mitano.

MamaKachri:
Weka moja hapa.

Karani_Makadara:
Ntafungua uzi wake wikendi inshaallah, nilikopi kwanza kutoka kwenye daftari, mengine wino umefifia.

DekiMbovu:
Kabla hatujatawanyika, nani ana Nishant yenye maandishi ya chini? Mr. India na Karan Arjun ninazo, hio sijaiona kabisa.

Mkulima_Mtwapa:
Ninayo kwenye flashi, na Manthan pia. Kesho naja mjini na maziwa, ntakua Kongowea mpaka saa nne asubuhi.

BintiTudor:
Na mimi nataka Manthan. DekiMbovu ukishaipata nipitishie Tudor, nami ntakuwekea Virasat.